Jina Alilokataa Kulitaja

"Taja jina, uoe. Hutaji, mlango ule pale."

Kapteni ndiye aliyesema, na kidole chake kilikuwa kimeuelekea mlango kweli. Sebule nzima ikapoa. Mama, aliyekuwa anamimina chai, akasahau kuinua birika mpaka kikombe kikafurika na kumwagika mezani.

Binti alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na kabati. Akamtazama mchumba wake, kisha baba yake, kisha mchumba wake tena. Walikuwa wamekutana Jumamosi ile mchana kupanga tarehe ya harusi, basi. Mambo ya majina yalitokea wapi?

Yalitokea kwenye kijitabu kilichokuwa juu ya meza, kando ya sukari. Mchumba wake alikuwa fundi wa pampu za maji, lakini kabla ya hapo alikuwa askari kwa miaka saba, akibeba redio ya mawasiliano mgongoni. Ndiyo maana watu walimwita Redio. Jina lenyewe lilikuwa utani mtupu, maana ukimtoa kwenye pampu, maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Siku za Jumamosi alijitolea kwenye kikundi cha askari wa zamani kilichojiita Sauti ya Kambi. Walikuwa wanakusanya ushahidi wa mabaya yaliyofanywa na wanajeshi wakiwa kazini: watu waliopigwa, nyumba zilizochomwa, ripoti zilizoandikwa uongo. Wiki tatu nyuma walikuwa wametoa kijitabu chenye mashahidi arobaini na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyetajwa jina.

Nchi ikachafuka. Redioni watu waligombana, magazetini waligombana, kwa vinyozi ndiyo usiseme. Shahidi namba kumi na saba ndiye aliyewachoma wengi zaidi, kwa sababu alidai kwamba kikosi chao kilimpiga risasi mtu asiye na silaha, kisha wakamlazia bunduki pembeni ili aonekane adui.

"Kijana," Kapteni aliendelea, sauti imeshuka kidogo, "mimi si mtu mbaya. Nimetumikia miaka thelathini na moja. Mtu akisema jeshi limeua raia, nataka nimuulize: wapi, lini, nani alikuwepo? Sasa huyu namba kumi na saba nitamuulizaje? Hana uso, hana jina. Ametupaka matope wote, amerudi kwao kulala. Hiyo ni haki?"

"Afande, kila ushahidi tuliuchunguza," Redio alijibu. "Tulitafuta mtu wa pili aliyekuwepo, tukatafuta karatasi. Asiyethibitika hakuingia."

"Waliochunguza ni nani? Ninyi wenyewe!"

"Ni sisi, ndiyo."

"Na majina mnayo?"

"Tunayo watu watatu tu."

"Mmoja ni wewe."

"Mmoja ni mimi."

Kapteni akaegemea kiti kama mtu aliyeshinda bao. Kwenye nyumba ile neno lake lilikuwa zito. Alikuwa kamanda wa baba mwenye nyumba kwa miaka mingi, sasa ni mwenyekiti wa Chama cha Wanajeshi Wastaafu, na siku ile alikuwa amepewa heshima ya kuwa msemaji wa familia.

"Basi hatuwezi kumtoa binti wa mwanajeshi kwa mtu anayeficha wanaolitukana jeshi. Sajenti, mtoto ni wako. Au nasema uongo?"

Sajenti ndiye baba wa binti. Hata majirani walimwita hivyo. Alikuwa ameketi wima kama kawaida yake, shati limenyooshwa mistari mitatu mgongoni. Alikitazama kikombe chake muda mrefu.

"Kapteni ameshasema," alijibu mwishowe, kwa sauti ambayo binti yake hakuitambua.

Redio akamtazama mzee yule. Hakukunja uso wala hakukohoa. Akasimama.

"Mzee, nisamehe. Jina sitalitaja. Si leo, na si siku nyingine." Akamgeukia Mama. "Asante kwa chai, Mama."

Na akatoka, chai yenyewe hajaigusa.

Binti alimfikia getini, viatu mkononi.

"Redio! Wewe! Simama!"

Akasimama.

"Jina moja tu! Jina la mtu ambaye mimi simjui, wala nyumbani kwake hatutakula!"

"Najua."

"Basi rudi ulitaje, tumalize!"

"Nilimwahidi. Alikaa mbele yangu akalia, nikamwambia halitatoka mdomoni mwangu."

"Na mimi? Mimi hukuniahidi? Mwaka mzima unaniambia mke wangu, mke wangu!"

"Nilikuahidi. Na bado nakuahidi."

"Ahadi zako zinapigana basi, na mimi ndiye niliyeshindwa." Machozi yalikuwa yameanza kumsaliti. "Nenda. Na usinipigie simu."

Redio akafungua geti, akaondoka.

* * *

Binti alikuwa fundi wa miwani. Duka lao lilikuwa dogo, kioo mbele na mashine ya kusaga lenzi nyuma, na yeye ndiye aliyekata lenzi ziingie kwenye fremu. Kazi ya kukosea milimita moja mteja akaumwa kichwa wiki nzima. Jumatatu aliweka lenzi ya kulia kushoto. Jumanne akaharibu lenzi mbili kabla ya saa nne. Ule moyo wa kununa ulikuwa umemhamia mikononi.

Saa saba simu ikalia mlio wa ujumbe.

*Umenikataza kupiga, sipigi. Kuandika hukunikataza. Umekula?*

Akaisoma mara tatu. Akaapa hatajibu. Akajibu.

*Nimekula.*

*Nini?*

*Chai.*

*Chai haitafunwi. Tafuta kitu cha kutafuna.*

Akacheka bila kupenda, kisha akajikasirikia kwa kucheka, akaitupa simu kwenye droo.

Jumatano aliingia bibi mmoja, kanga mabegani, kuja kuchukua miwani yake ya kusomea. Binti akamvalisha, akakaza kidogo nyuma ya masikio, akampa gazeti lililokuwepo kaunta.

"Jaribu hapo, Bibi. Soma popote."

Bibi akalisogeza, akalirudisha, akatabasamu kwa kuona herufi. Akaanza kusoma kwa sauti, neno baada ya neno, kama mtoto wa darasa la pili.

"'Yule mtu alikuwa amekimbia pamoja na wenzake. Akarudi peke yake. Alirudi kuchukua cherehani yake. Alikuwa ameibeba kichwani, tukampiga risasi.'" Bibi akamtazama. "Haya ni mambo gani?"

"Ni yale ya wanajeshi, Bibi. Soma kwingine."

Lakini bibi alikuwa ameshanogewa na macho mapya. "'Bunduki tuliyomlazia ilikuwa yetu. Ripoti niliiandika mimi. Niliandika kwamba alikuwa na silaha, na cherehani sikuiandika. Nilipoacha jeshi nikarudi nyumbani, mke wangu alikuwa na cherehani yake sebuleni. Kila alipoikanyaga, mimi nilitoka nje. Siku moja akaibeba akaipeleka kwa mdogo wake. Hakuniuliza kwa nini, mpaka leo hajaniuliza.'"

Binti alikuwa ameshika kona ya kaunta.

Aliikumbuka siku moja alipokuwa darasa la tatu. Alirudi kutoka shule akakuta pale dirishani, ilipokuwa inakaa cherehani ya Mama, pamewekwa stuli. "Mama, cherehani iko wapi?" "Iko kwa mama yako mdogo, ana kazi nyingi kuliko mimi." Na sare za shule za mwaka ule zilishonwa huko kwa mama mdogo, na za mwaka uliofuata, na hakuna aliyesema kitu tena.

Stuli ndiyo ile aliyokuwa amekalia Jumamosi.

"Bibi," aliuliza, "inafaa miwani?"

"Inafaa sana, mjukuu wangu." Bibi aliivua akaipangusa kwa ncha ya kanga. "Ningependa tu yasingekuwa yanasomeka hivi."

* * *

Karakana ya pampu ilikuwa nyuma ya stendi ya malori. Binti alimkuta Redio chini, kalala ubavu, mkono mzima ndani ya pampu iliyofunguliwa. Alipoona viatu vyake akatoka haraka hata akajigonga kichwa.

"Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Ni Baba," alisema.

"Baba anaumwa?"

"Namba kumi na saba. Ni Baba."

Redio akachukua kitambaa, akaanza kufuta vidole, kimoja kimoja. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

"Nijibu."

"Siwezi kukujibu."

"Hata mimi? Binti yake?"

"Hata wewe. Hata angekuwa mtu mwingine kabisa, ungeuliza nisingekujibu. Ukikisia, umekisia mwenyewe."

Binti akamtazama mtu yule mwenye grisi mpaka kwenye nyusi. Akaiona tena sebule ya Jumamosi, ila safari hii akaiona yote. Redio amesimama mbele ya mzee ambaye kwa neno moja angemaliza kesi. Angesema tu, "Jina ni lako, Mzee," na tarehe ya harusi ingepangwa palepale, au nyumba ingebomoka, moja kati ya hayo. Na yeye akashukuru kwa chai na kutoka.

"Nami nikakufukuza," alisema taratibu.

"Ulikuwa na hasira. Na ulikuwa na haki ya kuwa nayo."

"Ungeniacha kweli? Ningeolewa na mwingine?"

Redio akafikiri kama mtu aliyeulizwa habari za pampu.

"Ningekuja kwenu kila mwezi kutengeneza pampu ya maji."

"Na kama haijaharibika?"

"Ningeiharibu mwenyewe."

Akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati ya njia, akamwangukia kifuani.

"Mikono yangu ina grisi," Redio alisema, kaitanua hewani kama ndege.

"Sabuni ipo."

Basi ile mikono ikashuka, na gauni la kazini likapata alama kumi za vidole mgongoni.

"Unaenda kuzungumza naye?" Redio aliuliza baadaye.

"Nani?" Binti alijifanya kushangaa. "Si wewe hujui ninachosema?"

"Sijui unachosema," alikubali Redio. "Ila nenda polepole."

* * *

Sajenti alikuwa anapiga pasi. Kazi hiyo hakumwachia mtu, hata mkewe.

"Koplo," alisema bila kugeuka. Ndivyo alivyomwita bintiye tangu alipojifunza kutembea akimfuata nyuma kwa hatua za gwaride. "Umerudi mapema."

"Baba, nimesoma ya namba kumi na saba."

Pasi ikaenda mpaka mwisho wa mkono wa shati. Ikarudi.

"Cherehani ya Mama iko kwa mama mdogo," binti alisema.

Mzee akaichomoa pasi kwenye umeme. Akalikunja shati, mikono nyuma, kola juu, akaliweka mahali pake. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, na binti yake akaona kwa mara ya kwanza kwamba baba yake alikuwa mtu mfupi.

"Amekuambia?"

"Redio? Nimemuuliza uso kwa uso, amekataa kunijibu."

Sajenti akatikisa kichwa. "Ningemwelewa kama angekuambia."

"Kwa nini ulikwenda kwao, Baba?"

"Karatasi ya kwanza niliiandika mimi, na ni ya uongo, na iko kwenye faili mpaka leo. Nilitaka na ya pili iwepo kabla sijafa. Wakaniambia jina halitatoka. Nikasema afadhali, nitakuwa nimesema, na nitabaki Sajenti wenu." Akavuta pumzi. "Sikujua kijana atakayekuja kunisikiliza ndiye atakayekuja kukuoa. Siku ulipomleta hapa kumtambulisha, nilikaribia kutokea dirishani."

Binti alitaka kucheka na hakuweza.

"Ulimwogopa Kapteni?"

"Kapteni!" Mzee alipuliza hewa puani. "Nilikuogopa wewe. Kwamba utaniangalia kama unavyoniangalia sasa."

"Nakuangaliaje?"

Sajenti akamkazia macho muda mrefu, akitafuta.

"Sijui. Sina miwani."

Hapo wote wawili wakacheka, na kucheka kwenyewe kulikuwa na maji mengi.

"Yule mtu, Baba. Mwenye cherehani. Siwezi kukuambia si kitu."

"Usiniambie hivyo. Ukiniambia hivyo nitajua hukusoma."

Akaketi kando yake. Hakumkumbatia, ila bega lake aliliacha ligusane na la mzee.

"Kuna jambo jingine linaniuma," Sajenti alisema. "Nimeongoza vijana miaka ishirini na sita. Hakuna hata mmoja niliyemwacha peke yake akishambuliwa. Jumamosi nimemwacha mmoja, sebuleni kwangu, nikiangalia kikombe."

"Ulimwacha kweli," sauti ikatoka mlangoni.

Ni Mama, taulo la jikoni mkononi. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

"Na mimi umeniacha miaka kumi na minane nikisubiri uniambie kwa nini kelele za cherehani zinakukimbiza. Nikadhani nashona vibaya."

"Mke wangu…"

"Nimesikia yote, usirudie. Nikikaa utanieleza vizuri, tuna muda wa kutosha. Sasa nyanyuka umpigie simu Kapteni. Aje Jumapili. Na mkwe wangu aje, safari hii anywe chai."

* * *

Jumapili asubuhi ujumbe ukaingia.

*Baba yako ameniita saa tisa. Nivae shati la kuposa au la kufukuzwa?*

*Ni lilelile. Lipige pasi.*

Kapteni alifika na faili kwapani. Alipomwona Redio ameshaketi akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kumbe kijana amekubali kutaja!"

"Hajakubali," Sajenti alisema. Alikuwa amesimama. "Nataja mimi. Namba kumi na saba ni mimi, Afande."

Redio akanyanyuka nusu. "Mzee, si lazima—"

"Kaa chini, mwanangu. Umeshafanya zamu yako."

Kapteni alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeamini. "Sajenti, najua unampenda binti. Usijitwishe mzigo ili umlinde mkwe."

"Mwezi wa nne, doria ya daraja la chini. Ripoti iliandikwa kurasa mbili kwa mkono wangu, na niliileta kwako mwenyewe. Uliisoma umesimama. Ukanipa mkono ukasema, 'Kazi nzuri, Sajenti.'"

Kicheko kikaisha. Kapteni akaliweka faili mezani.

"Alikuwa na bunduki," alisema. "Imeandikwa alikuwa na bunduki."

"Niliandika mimi. Alikuwa na cherehani."

Nje mtu alikuwa anaburuta pipa la takataka, na sauti yake ikawa ndefu kupita kiasi.

"Ungeniambia," Kapteni alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imezeeka. "Siku ileile. Mimi nilikuwa kamanda wako."

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

Kapteni alifikiri. Na kwa hilo binti alimheshimu siku zote baadaye, kwamba alifikiri kweli, na hakudanganya.

"Ningekuambia unyamaze."

"Basi nilikutii bila kuambiwa."

Kapteni akachukua kofia yake. Mlangoni akasimama mbele ya Redio, wakatazamana.

"Ulijua ni yeye, ukakubali kufukuzwa?"

"Niliahidi, Afande."

Mzee yule akatikisa kichwa, haikujulikana kwa hasira au kwa nini, akatoka.

Mambo hayakwenda laini baada ya hapo. Sajenti, aliyekuwa katibu wa Chama cha Wanajeshi Wastaafu, aliondolewa kwa barua ya mistari minne. Mtu fulani aliandika MSALITI kwenye ukuta wa nyumba, na Redio akaja asubuhi na ndoo ya rangi akapaka bila kusema neno. Kwenye toleo la pili la kijitabu, Sajenti aliweka jina lake kamili na cheo. Akasafiri na Redio siku mbili kwenda kuitafuta familia ya yule marehemu. Aliporudi hakusimulia yote. Alisema tu kwamba mdogo wa marehemu alimpa kiti, na mjane hakutaka kumwona, na kwamba mjane ndiye aliyekuwa sawa.

Harusi ikafungwa mwezi uliofuata. Viti ishirini vilikuwa vimetengwa kwa wastaafu. Walikuja sita, wakakaa pamoja mstari wa mbele, suti zimenyooka. Kapteni hakuwamo.

Sajenti alipopewa kipaza sauti, aliwaangalia watu mpaka wakanyamaza.

"Mkwe wangu anajua kunyamaza," alisema. "Binti yangu hajui kabisa. Nadhani wataelewana."

Ukumbi ukapasuka kwa vicheko na vigelegele. Alipoteremka jukwaani akamvuta Redio, akamnong'oneza sikioni muda mrefu, kisha wakashikana mabega, mzee na kijana, macho yamewaiva wote wawili.

Jioni, kwenye gari, bibi harusi hakuvumilia.

"Baba amekuambia nini?"

"Siwezi kusema."

"Wewe! Mimi ni mke wako sasa!"

"Amesema unakoroma."

Akampiga begani na shada la maua, petali zikamwagika mpaka kwa dereva.

"Redio. Kweli. Amekuambia nini?"

Redio akamshika mkono, akautazama kidogo kabla ya kujibu.

"Ameniambia siku hizi analala."

"Analala?"

"Usiku mzima. Mpaka Mama anamwamsha."

Bibi harusi aliweka kichwa chake kwenye bega la mumewe, na wakaenda hivyo mpaka nyumbani kwao.